Ukimya wa Sebule ya Kuigizia

Haya yalimpata rafiki yetu Chizuru, fundi wa kunasa sauti za tamthilia za televisheni kule Tokyo.

Mchana mmoja wenzake walipotoka kula, mwongozaji alimtuma arudi studio akanase ukimya wa sebule ya kuigizia, iliyojengwa mle ndani kama ya nyumba ya Kijapani, ili upatikane wa kuzibia mapengo ya sauti. Taa zilikuwa zinavuma, akazizima. Akawasha kinasa sauti, akavaa vipokea sauti masikioni, akaketi gizani kwenye mkeka.

Punde akasikia mlango wa kusukuma ukiteleza. Kisha viatu vikavuliwa, kimoja kimoja. Kisha sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Nimerudi."

Kuwabara huyo, aliwaza Chizuru, yule mwigizaji asiyeishiwa mizaha. Akaubana mdomo asimpe raha ya kumsikia akipiga kelele. Alipowasha taa, hapakuwa na mtu.

Akatoka nje amefura. "Kuwabara, huu ni utani gani wa kuniharibia kazi?"

"Mimi tena, dada?" Kuwabara alijibu, wali umemjaa mdomoni. "Tangu nikae hapa sijainuka. Waulize hawa!"

Wote wakamwapia. Chizuru hakuwaamini hata mmoja.

"Hebu tusikie ulichonasa," mwongozaji akasema.

Wakasikiliza. Mlango ukateleza. Viatu vikavuliwa. "Nimerudi." Kicheko cha Kuwabara kikakatika.

Halafu, karibu kabisa na kinasa sauti, mwanamke akajibu kwa upole, kama mke aliyezoea: "Karibu, mume wangu. Mbona leo umechelewa?"

Ilikuwa sauti ya Chizuru.