Kadi Mbili za Bibi Birika

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, kadi thelathini na moja zilikuwa juu ya meza ya mama. Nilizihesabu mara mbili. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, shule zilikuwa zimefungwa, na kila likizo mama alinichukua ofisini kwake. Mpaka leo nikisikia mlio wa stepla naiona meza ile: simu nyeusi yenye waya uliojisokota, kikombe cha kalamu kilichovunjika mkono, na nyuma yake dirisha lisilofungika mpaka ulipige ngumi.

Mama aliratibu makazi ya watu wasio na pa kulala katika miji mitano. Kabla yake kila mji ulikuwa na orodha yake. Mtu mmoja aliandikwa huku na kule, vyumba viwili vikamngoja, na mwenzake akaendelea kulala kwenye baraza la duka. Mama alizifanya orodha zote kuwa moja. Wengi hawakuwa na vitambulisho, kwa hiyo kadi zilibeba majina waliyoitwa mitaani: Fundi Saa, Mzee Redio, Kocha.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta mtu aliyeandikwa mara mbili. Nikimpata, nilitakiwa kupigia simu zahanati za miji yote miwili zilizotuma kadi, kuweka tiki penye neno "Imethibitishwa", kisha kuzibana kadi pamoja, ili abaki na chumba kimoja na cha pili apewe mwingine.

"Umenasa wangapi leo, mpelelezi?" dereva wa ofisi aliniuliza.

"Watatu."

"Hatari! Angalia usinibane na mimi, nina pacha."

Jumatano nikampata Bibi Birika. Kadi moja ilitoka mji wa stesheni, nyingine mji wa soko. Zote zilisema: mjane, miaka sitini na kitu, mguu wa kushoto unauma. Nilicheka peke yangu. Kwani Bibi Birika wako wangapi duniani? Nikapiga simu stesheni, nikakuta laini inatumika. Nje dereva alikuwa anapiga honi twende tukale. Nikaweka tiki, nikabana kadi, nikakimbia.

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini, simu ililia. Muuguzi wa zahanati ya mji wa soko alikuwa na sauti kubwa. Niliisikia nikiwa nimekaa kwenye benchi.

"Dada, gari liko wapi? Bibi Birika amefunga mzigo tangu alfajiri. Amekaa langoni."

"Bibi Birika alihamia jana," mama alisema. "Dereva wetu alimchukua stesheni."

"Jana ipi? Jana nilikuwa namfunga bandeji hapa hapa!"

Mama alizitoa kadi, akatazama. "Tiki iko hapa, dada. Ofisi hii haiweki tiki bure. Nani alipokea simu Jumatano?"

"Mimi. Na hakuna aliyepiga."

Nilijua nilichokifanya. Chumba cha yule bibi kilikuwa tayari kwenye orodha ya nafasi huru, na saa saba kamili kingepewa mtu mwingine. Kupata kingine kungechukua miezi. Na muuguzi angeonekana mwongo.

"Mama," nilisema. "Sikupiga."

Akafunika simu kwa kiganja. "Sema tena."

"Stesheni laini ilikuwa inatumika. Sokoni sikupiga kabisa. Niliweka tiki tu."

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alimwambia muuguzi, "Niwie radhi, dada. Kosa ni letu. Mwambie asiondoke langoni." Kisha akang'oa pini, akageuza kadi. Nyuma, ambako sikutazama, ya kwanza ilisema: "Aliuza chai stesheni." Ya pili: "Kitu pekee alichotoka nacho nyumbani kwake ni birika."

Saa sita na dakika hamsini na mbili chumba kilirudi kwa mwenyewe.

Dereva alitupeleka mji wa soko. Mama alisema akiwa ametazama mbele, "Tiki ni neno, mwanangu. Linasema 'nimefanya'. Ukiliweka kabla ya kufanya umesema uongo, hata kama ulibahatisha ukweli. Leo umeufuta uongo huo mwenyewe, na umewahi. Siku nyingine huenda usiwahi."

Bibi Birika alikuwa langoni, birika mapajani.

"Mmechelewa, wajukuu zangu. Nilidhani nimesahauliwa."

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyekosea. Nilidhani wewe ni Bibi Birika wa stesheni."

"Marahaba." Akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika mguu. "Kumbe nina mwenzangu! Birika lake lina kifuniko?"

"Sijui, bibi."

"Kaulize. Langu halina."

Saa kumi kasoro dakika kumi tulimfikisha kwenye makazi, naye akaweka dole gumba kwenye fomu ya ufunguo. Alifungua mlango namba sita, akajaza maji birika, akaliweka jikoni. Mama akanipa kadi na kalamu. Penye neno "Amehamia" palikuwa patupu. Nilichungulia ndani. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anavua viatu.

Nikaweka tiki.