Ukumbi wa Johana na Supamaketi Isiyokuja

Mvua ilianza saa tisa mchana, kama kawaida ya huku Kericho. Cherotich aliinuka mbio. Alikusanya sare za shule alizokuwa akishona, akazifunika kwa nailoni. Kisha akavuta cherehani karibu na ukuta. Lakini upepo ulikuwa mkali. Maji yalimfuata pale pale varandani.

"Mama Kipkurui, leta hizo nguo hapa!" Waceke aliita. Waceke aliuza mabeseni na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kando ya barabara, na sasa alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli. "Ngai! Ona hii sketi, imeshika matope tayari."

"Nitafua tena," Cherotich alisema. "Ni ya tatu wiki hii. Mwalimu akikataa hizi nguo, sijui nitafanya nini."

Nyuma yao palikuwa na ukumbi mkubwa wenye madirisha ya vioo. Ndani ulikuwa mkavu, na haukuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwenye ukumbi huo alikuwa Johana, mume wa Cherotich.

Ndiyo, mume wake mwenyewe. Msomaji, usinitazame hivyo. Mimi pia nilishangaa.

Johana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima hodari wa majani chai katika senta ndogo ya maduka iitwayo Tebeswet, njia ya kwenda Kabianga. Siku moja alikwenda Nakuru kumwona daktari wa macho. Alipotoka huko aliingia katika supamaketi iitwayo Pambazuka. Aliona watu wakisukuma vikapu vya magurudumu. Aliona sukari imepangwa mpaka karibu na dari. Alirudi nyumbani akiwa na ndoto. Mwaka huo, 1994, bonasi ya chai, yale malipo ya mara moja kwa mwaka, ilikuwa nzuri. Akauza na ng'ombe wawili, akajenga ukumbi. Hakuweka ukuta hata mmoja ndani.

"Pambazuka watapanga hapa," aliwaambia watu.

Waceke aliomba kona moja ya kuuzia gambuti. Johana alimkatalia. Cherotich aliomba kona moja ya cherehani. Johana alimkatalia pia. "Watu wa supamaketi wakija, wakute mahali safi," alisema. Miaka miwili ikapita, na mahali pakabaki safi kabisa.

Jioni ile ya mvua, Cherotich aliweka sketi zikauke karibu na moto. Akamwuliza mumewe, "Baba Kipkurui, hao watu wa Pambazuka, kwa nini hawaji?"

"Watakuja."

"Siulizi kama watakuja. Nauliza kwa nini bado hawajakuja. Wako Nakuru. Wako Eldoret. Wako Kisumu. Kwa nini si hapa?"

Johana alikuna kichwa. "Labda hawajatuona."

"Basi waandikie waje watuone. Mimi nataka kujua sababu."

Johana aliandika barua. Aliwaomba waje mwezi wa Oktoba, wiki ya bonasi, wakati senta inajaa watu mpaka huwezi kupita. Majibu yalikuja baada ya mwezi mmoja. Afisa wao angekuja Jumatano, katikati ya mwezi wa Machi.

"Machi!" Johana alilalamika. "Machi hapa hakuna pesa!"

Cherotich alimtazama. Maneno hayo yalimwingia kichwani.

Johana hakukata tamaa. Usiku ule ule alikwenda kwa rafiki yake Alfayo, mzee wa kanisa. "Jumatano waambie watu wa kwaya wavae vizuri, wapite pite senta," alimwambia. "Mgeni aone kuna watu mingi."

Jumatano ikafika. Mgeni alikuja kwa miguu, viatu vimejaa matope. Jina lake lilikuwa Oyoo.

"Chamgei," alisalimu kwa Kikipsigis, na watu wakacheka kwa furaha. "Gari yetu ya pikapu imekwama kule chini kwa daraja. Mama, naomba kiti. Naomba pia mikebe miwili, maharagwe na mahindi."

"Unataka kupika?" Cherotich aliuliza.

"Nataka kuhesabu. Kila anayepita, tunatia haragwe moja kwa mkebe huu. Kila anayenunua kitu, tunatia punje moja ya mahindi kwa mkebe ule."

Cherotich alipendezwa sana na kazi hiyo. Aliacha cherehani, akakaa karibu na Oyoo. Watu walipita. Wachumaji wa chai walipita na vikapu mgongoni. Kwaya ilipita ikiwa na suti na vitambaa vya kichwa vya Jumapili, siku ya kazi. Maharagwe yaliingia mkebeni kwa wingi, na Johana alitabasamu akiwa ameegemea nguzo.

Saa sita, Oyoo aliweka kalamu chini. "Mzee," alimwambia Johana kwa heshima, "yule baba wa kofia nyekundu, nimemhesabu mara nne. Leo yeye ni watu wanne?"

Alikuwa Alfayo. Alisimama katikati ya barabara, asijue aendelee mbele au arudi nyuma. Waceke alicheka mpaka akashika tumbo. Johana aliona haya, akaenda kutazama mfereji usio na kitu cha kutazamwa.

Jioni mkebe wa maharagwe ulikuwa umejaa. Mkebe wa mahindi ulikuwa na punje chache tu chini. Cherotich alitikisa ule mkebe, akasikiliza.

"Watu ni wengi," alisema, "lakini hawanunui. Kwa nini?"

"Umeuliza vizuri, mama," Oyoo alisema. "Wewe leo umepika nini nyumbani?"

"Ugali, mboga na maziwa."

"Unga umenunua?"

"Ni mahindi yetu."

"Mboga?"

"Iko nyuma ya nyumba. Na maziwa ni ya ng'ombe wetu, usiniulize."

Oyoo alicheka. "Sasa mimi nitakuuzia nini? Kule Nakuru mtu hana ng'ombe. Hata kitunguu ananunua. Anarudi dukani kila siku. Hapa nimeona watu wakinunua sukari robo, chumvi, na mafuta ya kupikia ya kupimwa kwa kijiko. Supamaketi haipimi kwa kijiko. Tena nimesikia mama mmoja akimwambia mwenye kioski, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi. Kwetu mtu hatoki mlangoni kabla ya kulipa."

"Lakini Oktoba tuna pesa!" Johana alisema kwa sauti. "Ungekuja Oktoba!"

"Mzee, wafanyakazi wangu nitawalipa Oktoba peke yake? Stima ya taa nayo nitalipa Oktoba peke yake?" Oyoo aliuliza tena. "Na hiyo pesa ya chai, mnachukua wapi?"

"Benki. Kericho."

"Siku hiyo mnanunua vitu wapi?"

Waceke alianza kutazama gambuti zake.

"Kericho," Cherotich alisema. "Unatoka benki, duka iko mbele yako. Hata Baba Kipkurui misumari ya hii nyumba alinunua Kericho."

Johana aliguna tu.

"Ndiyo hivyo," Oyoo alisema. "Pesa yenu inaishia pale inapotolewa. Sisi tukifungua, tutafungua mahali pesa inatolewa. Halafu lori letu. Likitoka Nakuru linapitia duka tatu, nne, zote kwa lami. Kuja hapa peke yake, na mvua hii, ni hasara. Lingekuwa sasa limelala pale na pikapu yangu."

Johana aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo senta yetu ni mbaya?"

"Hapana, mzee. Senta ni nzuri. Duka letu ndilo kubwa mno kwake."

Oyoo alipoinuka, Cherotich alimshika kwa swali la mwisho. "Kwa hivyo watu wa hapa hawana haja ya duka?"

"Hilo sijui," Oyoo alisema. "Mimi nimehesabu haja ya supamaketi. Haja yenu sijaihesabu. Mikebe ni yako, mama."

Nampenda Oyoo kwa jibu hilo. Wataalamu wengi hawapendi kusema hawajui.

Kesho yake Cherotich aliweka mikebe kando ya cherehani. Kila aliyepita alimwuliza swali moja: "Leo ulitaka nini ukakosa hapa Tebeswet?" Watu walipenda kuulizwa. Wachumaji walitaka gambuti zisizovuja, na mtu wa kuziba zile za zamani. Akina mama walitaka sare za shule na mtu wa kurekebisha nguo zilizochanika. Wenye ng'ombe walitaka chumvi ya mifugo na dawa ya kupe. Wazee watatu walisema hawataki kitu, ila wakae mahali pakavu wanywe chai. Cherotich alitafuta mikebe mingine, mmoja kwa kila haja.

Johana alitazama kwa mbali siku mbili. Siku ya tatu alileta kiti, akakaa, akahesabu mwenyewe. Mkebe wa nguo ulikuwa mzito kuliko yote. Aliushika mkononi kwa muda mrefu.

"Mama Kipkurui," alisema mwishowe, "miaka miwili nimemwekea nafasi mtu ambaye hata hanijui. Na wewe nimekuacha kwa mvua. Nimekosa."

Alikuwa karibu kulia. Lakini Cherotich alikuwa na jambo la kusema.

"Sawa. Sasa utafanya nini?"

"Nitagawanya ukumbi. Vyumba vinne, kimoja cha Waceke. Chagua chako."

"Nachagua cha pili, kina mwanga. Lakini nitalipa kodi kama Waceke. Na tutaandika mkataba."

Johana alicheka. "Mkataba na bibi yangu?"

Cherotich hakucheka. "Kesho utaota ndoto ingine kubwa. Mimi sitaki kutolewa nirudi kwa mvua tena."

Johana aliacha kucheka. Mkataba uliandikwa mezani kwa Alfayo, akiwa shahidi. Cherotich aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia tu, katika darasa la watu wazima.

Mafundi walijenga kuta mwezi wa Mei. Waceke aliingiza gambuti chumba cha kwanza, na fundi wa kuziba akakaa kwake. Chumba cha tatu kikawa cha chumvi na dawa za mifugo. Cha nne kikawa hoteli ndogo ya chai na mandazi. Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi, lakini Cherotich hakurudia kufua sketi hata moja. Mwalimu mkuu aliona sare zilivyo safi, akaagiza za shule nzima.

Oktoba ikafika, na bonasi ikatoka. Senta ilijaa. Asubuhi moja lori lililopakia magodoro na redio lilisimama mbele ya ukumbi. Mwanamume mwenye tai alishuka, akamwamkia Johana.

"Mzee, nyumba yako ni nzuri sana. Nipe vyumba vyote, mwezi mmoja tu. Nitalipa mara tatu ya kodi yao."

Johana alimeza mate. Alitazama lori. Alitazama madirisha yake ya vioo. Waceke, mlangoni kwake, aliacha kupanga mabeseni.

"Hivyo vyumba vina wenyewe," Johana alisema. "Waulize."

Mtu yule aliingia chumba cha pili. "Mama, unaweza kutoka kidogo, mwezi huu tu?"

Cherotich alisimamisha cherehani. "Na Novemba wewe utakuwa wapi?"

Mtu yule alicheka. "Novemba? Nitakuwa nimeenda, mama. Pesa ikiisha nitafanya nini hapa?"

"Mimi nitakuwa hapa," Cherotich alisema, akaendelea kushona.