Nyambizi ya Cheche na Kilo Zilizofichwa

"Una kilo ngapi?"

Mwoka mikate alisimama mlangoni mwa karakana, amekumbatia mfuko wa mikate ya moto kama aliyebeba kichanga.

"Kilo za nini?"

"Zako. Za mwili wako."

Aliyeuliza haonekani uso. Amejichomeka nusu ndani ya tangi la chuma, kilichobaki nje ni miguu na viatu vya kazi. Huyo ndiye mjukuu wangu, fundi wa kuchomelea. Mtaa mzima unamwita Cheche, na msidhani ni kwa ajili ya mashine yake tu.

Mchana hutengeneza mageti ya watu. Jioni, kwa miaka miwili sasa, alikuwa anajenga nyambizi. Ndiyo, wajukuu zangu mnaosoma, nyambizi, chombo cha kuzama majini na kuibuka. Si ya vita. Ni ya kwenda kuwatazama samaki kwao, kisha mtu unarudi nyumbani unakula. Mwili wake ni tangi kuukuu la mafuta, puani kuna kioo cha plastiki kinene kuliko kidole gumba changu, na ndani vimo viti viwili, cha mbele na cha nyuma.

"Mimi nina sitini tu," alidakia Fito, fundi umeme, aliyekuwa kwenye ngazi anafunga taa. Ni mrefu, mwembamba, na anampenda Cheche hadi nyaya zake zinajua. "Mwepesi kama karatasi. Chombo cha majini kinataka watu wepesi."

Mwoka mikate akamtazama Fito kuanzia visigino kwenda juu. Akavuta tumbo ndani.

"Themanini na tano," akasema.

Fito akakohoa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nachambua mchele, nikainamisha kichwa nikazidi kuchambua.

"Themanini na tano," Cheche akarudia kutoka ndani ya tangi. Mkono ukatoka na chaki, ukaandika namba ile ubavuni mwa chuma. "Basi kiti cha nyuma ni chako."

Fito akashuka ngazi, akaenda kunywa maji.

Nami niwategee kitendawili kimoja. Nina mzigo wangu, nautembeza kutwa, mgongoni haupo, na nikiulizwa ukubwa wake naupunguza. Ni nini? Kaeni nacho kwanza.

Mjue pia kwamba kile kiti hakikuwa kiti tu. Wiki ile ile mwoka mikate alikuwa amemposa. Alikuja kwangu amevaa shati lililopigwa pasi hadi linang'aa, akapiga magoti, akasema yake. Cheche akamjibu mbele yangu.

"Nitakupa jibu siku ya kuzindua. Chini ya maji. Huko angalau hakuna majirani."

"Nitasubiri."

"Ila nikwambie jambo moja. Aliyekutangulia alinipa vipimo vya uongo mwaka mzima. Alisema hana mke, kumbe yupo. Mimi nikipewa kipimo cha uongo, geti halifungi. Nalitoa lote, naanza upya na mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alielewa, lakini kinywa kilikuwa hakijaitwa kwenye kikao.

Tangu siku ya chaki, kijana akaanza vituko. Yeye ambaye mkate wa kwanza kutoka tanuri huwa wake, sasa anakula matango. Alfajiri nafungua dirisha, namwona anakimbia na taulo shingoni, anahema kama treni.

"Mume wangu, unafukuzwa?" nikamwuliza.

"Mazoezi, Bibi."

"Ya nini na wewe mzima?"

"Ya afya."

"Afya hiyo mbona inakuliza?"

Akapita. Na jioni simu ya Cheche inalia, naye ananisomea ujumbe huku anacheka, maana kwangu hana siri.

*Mpenzi, leo nimelala na njaa nikakuota umegeuka mkate.*

Akamjibu: *Kwa nini ulale na njaa na wewe ndiye mwenye mkate?*

*Nitakwambia tukishaoana.*

"Bibi, huyu mtu ana nini?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Anasema afya."

Siku chache kabla ya uzinduzi, Cheche alifanya jaribio. Kulikuwa na machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, yamejaa maji safi, kina chake kama nyumba ya ghorofa. Akapakia mifuko ya mchanga badala ya watu, kilo zake mwenyewe mbele, themanini na tano nyuma, na chini ya sakafu akapanga vipande vya chuma vya kusawazisha uzito. Nyambizi ikashuka taratibu, ikasimama katikati ya maji, haipandi, haishuki, kama inatafakari.

"Umeona, Bibi?" aliniambia, macho yamelowa. "Chombo kinatakiwa kilingane na maji kinayoyasukuma. Kikizidi kinakwenda chini kama jiwe, kikipungua kinaelea kama kopo. Hiki kimelingana. Hakuna kinachovuja hata tone."

Miaka miwili nilimwona akichubuka mikono, lakini siku ile ndiyo niliona amefika.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili asubuhi. Majirani walijaa ukingoni na viti vyao. Fito, Mungu ambariki, alikuja na kamba ya usalama, akaifunga kwenye nyambizi, mwisho wake akauzungusha kiunoni. Alikuwa ameunga pia simu ya waya, waya mrefu kutoka ndani ya nyambizi hadi kwenye kisanduku chenye spika. Kisanduku nikapewa mimi.

Mwoka mikate akaingia kwa shida kidogo, akakaa. Cheche akafunga mfuniko. Wakafungua koki, matangi ya pembeni yakaanza kunywa maji.

"Bibi, unatupata?"

"Nawapata. Semeni ukweli, spika inasikika hadi kwa yule mchunga mbuzi ng'ambo."

Watu wakacheka. Nyambizi ikazama mabega, ikazama kichwa. Kisha, badala ya kwenda taratibu, ikashuka kama iliyoitwa na aliye chini.

Kamba ikamkimbia Fito mikononi. "Bibi, inakwenda mbio hii."

Tukasikia kishindo laini. Wamekaa kwenye matope.

"Cheche?" nikaita.

"Tupo, Bibi. Tuko salama." Sauti ilikuwa tulivu, lakini namjua tangu anatambaa, ilikuwa imepasuka mahali. "Chombo kimezidi uzito. Kuna maji yameingia mahali nisipopaona."

"Mbona huku ndani kukavu?" ilikuwa sauti ya mwoka mikate.

"Yatakuwa yameingia chini ya sakafu. Ni ule mshono wa nyuma. Niliuchomelea nikiwa na homa. Nilijua nirudie, sikurudia."

"Labda sio mshono."

"Ni nini basi? Juzi kilisimama vizuri. Mchanga ule ule, vyuma vile vile, uzito ule ule. Kilichobadilika ni mshono wangu. Nafungua hewa tupande. Kesho nakikata vipande. Siwezi kumpakia mtu kwenye kitu nisichokiamini."

"Usikikate."

"Nakikata. Nimejiona fundi kumbe bado."

Fito akaninong'oneza, "Bibi, tuzime spika, haya ni mambo yao."

"Wewe shika kamba."

Nikasikia pumzi za yule kijana zikipanda na kushuka. Kunyamaza kungekuwa rahisi kwake. Angenyamaza tu, wangepanda, angembembeleza, na mjukuu wangu angebaki maisha yote akiutilia shaka mkono wake.

"Cheche."

"Niache kwanza."

"Mshono wako hauna kosa."

"Wewe unajua nini kuhusu mishono?"

"Najua uzito wangu. Sio themanini na tano."

Majirani wakasogeza viti karibu na spika.

"Ni ngapi?"

"Siku ile nilikuwa mia na nne. Jana nimepanda mizani ya unga, bila mkanda, bila viatu. Mia na mbili. Matango yote yale, kilo mbili."

Jirani mmoja akacheka, nikamtolea jicho.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Nilimwona Fito pale juu ya ngazi, nikaona kiti kinakwenda. Nikasema zile kilo nyingine nitazikimbia kabla ya siku kufika. Sikujua kama maji yanazihesabu."

"Nilikwambia usinipe kipimo cha uongo."

"Uliniambia. Jibu lako nalijua, hata usilitoe. Lakini usikikate chombo, Cheche. Ni kizuri. Kilichozidi humu ndani ni mimi."

Spika ikatoa mlio wa hewa ikiingia kwenye matangi. Mapovu yakapasuka juu, matope yakaachia, na ile pua ya kioo ikachomoza kama kiboko anayetoka usingizini. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nasubiri mfuniko.

Cheche akatoka wa kwanza. Akainama ndani, akaanza kufungua sakafu, akatoa kipande cha chuma, akakitupa nchi kavu. Akatoa kingine. Na kingine. Mwoka mikate alisimama ufukweni, maji yanamtiririka miguuni, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Njoo," akamwambia.

Akaenda.

"Hivi vyuma ni kilo kumi na saba. Huu ndio uongo wako. Ungesema mia na mbili, au hata mia na nne, ningevitoa tu, basi. Hakuna aliyekwambia nataka mtu mwepesi."

"Hakuna."

"Uubebe. Mpaka karakana, kwa miguu. Halafu urudi."

Alivifunga kwa kamba, akavitia begani, akapanda mteremko wa machimbo bila kupumzika, shati limegandana na mgongo. Aliporudi, nusura nimpelekee kigoda.

Ndipo Fito akajikuna kisogo. "Cheche, na mimi niseme. Mimi sina sitini. Nina hamsini na tatu. Niliongeza."

"Uliongeza?"

"Nilitaka nionekane mwanamume."

Cheche akamwangalia, akamwangalia mwenzake, na cheche zenyewe zikamtoka, kicheko hadi akashika tumbo. "Kwa hiyo huyu ananizamisha na wewe ungeniacha naelea kama kopo. Mungu wangu, nimezungukwa na watu gani." Akajipangusa macho. "Ingia wewe, Mia na Mbili. Tunarudi chini."

"Mimi?"

"Kuna mwingine mwenye kilo hizo?"

Alipokuwa anakaa, nilimsikia kwenye spika akiuliza kwa woga, "Cheche, mbona kiti kinanitosha? Kama ulidhani nina themanini na tano, mbona hakinibani?"

"Kiti nilikipima kwa macho yangu. Uzito niliupima kwa mdomo wako. Macho yalijua, ila niliamua kukuamini."

Safari hii nyambizi ilishuka polepole, kama bibi harusi anayeshushwa ngazi. Ikasimama katikati ya maji, ikatulia.

"Samaki hao," sauti ya mwoka mikate.

"Nawaona."

"Cheche, lile jibu..."

"Ngoja. Nilisema chini ya maji hakuna majirani."

Tukasikia kitu kikibonyezwa, tik. Spika ikafa.

"Amezima swichi," Fito akasema.

"Iwashe."

"Iko ndani, Bibi."

Ukingo mzima ukanilaumu mimi, kana kwamba swichi niliizaa mimi. Tukakaa pale tunayatazama mapovu, kila mtu na tafsiri yake.

Walipoibuka, mwoka mikate alitangulia kutoa mkono ili ashike mfuniko. Kidoleni ilikuwapo pete ya chuma, imesuguliwa hadi inameta, imekatwa kwenye bomba lililobaki la nyambizi. Kidole kile kinene, na pete imekaa kama imezaliwa pale.

"Umeipima lini?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Kabla ya chaki, Bibi. Kwa macho."

Walioana wakati mvua zinakatika. Keki aliioka bwana harusi, nyaya za taa alifunga Fito, na vile vyuma vya kilo kumi na saba hadi leo vinashikilia mlango wa duka la mikate usifungwe na upepo. Akiulizwa na mteja uzito wake, hujibu haraka, na huongeza na wa viatu.

Sasa kile kitendawili changu, nipeni mji. Hamjui? Basi rudini kwenye chaki.