Mwaka Uliorudi Nyuma Dukani kwa Shangazi

Natangaza rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba likizo hii mimi, Elibariki wa kidato cha pili, ndiye Mkuu wa Idara ya Kompyuta katika duka la uchapaji la Shangazi Demetria, Kipawa. Idara ina kompyuta moja kuukuu, inayotumia mfumo wa Linux. Kazi yangu ni kuipangusa vumbi.

Jioni hiyo Shangazi hakutulia. Kesho yake asubuhi darasa la tatu wa masomo ya likizo walikuwa na mtihani, naye alimwahidi mwalimu wao kuuchapa. Printa mpya ilihitaji programu yake, lakini kompyuta ilikataa kuipakua.

"Watoto wakikosa karatasi, nitamtazama vipi yule mwalimu?"

Akaitwa kaka Jawad, fundi wa kompyuta jirani yetu. Nilimletea chai kwa adabu ambayo si kawaida yangu. Akaiweka kando, akasoma kioo.

"Toleo hili limezeeka, dada Demetria. Ghala la programu zake lilishahamishwa, na kompyuta bado inabisha hodi nyumba ya zamani."

Akaandika anwani ya ghala jipya. Tukasubiri, Shangazi akisokota pindo la kanga yake. Kompyuta ikakataa tena.

"Sasa inasema cheti cha usalama cha ghala hakijaanza kutumika," alisema Jawad. "Ajabu. Mtandao upo, anwani ni sahihi."

Akaanza kukagua upya, mstari kwa mstari. Nje maduka yalikuwa yanafungwa. Nikaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Loveness, bintiye Shangazi, alichungulia mlangoni. "Eli, si jana ulinionyesha kompyuta inasema bado ni mwaka jana? Ukaniambia narudi darasa la sita."

Jawad akatazama tarehe kwenye kona ya kioo. Kisha akanitazama mie.

"Ni mie," nikasema. "Nilirudisha mwaka nyuma ili nimtanie Loveness. Niliposikia cheti hakijaanza, nikajua. Nikaogopa kusema."

"Cheti ni cha mwaka huu, na kwa kompyuta hii mwaka huu haujafika," alisema Jawad, akirekebisha tarehe. Programu ikashuka, na printa ikaanza kutema karatasi.

Shangazi akashusha pumzi. "Utani sikukatazi, Eli. Lakini ulikaa ukitutazama tunahangaika, na jibu unalo wewe. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia."

Niliinamisha kichwa kama niko mbele ya paredi ya shule. Kazi ikiwa imekwisha, Jawad akanyanyua kikombe chake.

"Sema mapema," ndivyo alivyosema Shangazi.

"Kaka Jawad," nikasema, "usiinywe hiyo chai. Nimetia chumvi."