Nafasi Kando ya Nicolaus

“Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, Mama Gloria. Jina lako. Kilichobaki ni kujaza mwaka tu.”

“Nimekuambia niliandikisha zamani.”

“Na kesho nikae kanisani nisomewe matangazo ya ndoa na mwanamke aliyekwisha kuandikishwa kwa mwingine?”

“Huyo mwingine amekufa, Thadeo.”

“Ndiyo maana simwezi. Angekuwa hai ningemshinda.”

Adventina alitaka kucheka, akajizuia. Walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba ya wakwe zake, Butiama, mbele ya kaburi la vigae. Kushoto alilala mumewe, Nicolaus Wanzagi, mwaka wa nane sasa. Kulia palijengwa kwa tofali, pakafunikwa zege, ndani patupu. Kibao cha marumaru kilikuwa kimoja, majina mawili: la Nicolaus na miaka yake yote, na la Adventina, 1972, kisha kistari, basi.

Asubuhi walitoka Musoma vizuri kwa pikipiki ya Thadeo. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mjane mwenzake, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Adventina ndiye aliyesisitiza waje, maana asingeolewa tena bila kumweleza mama wa marehemu uso kwa uso. Thadeo, kwa adabu yake, akaomba kwanza apelekwe akamsalimie marehemu. Miaka minane ya kuliona jina lake pale ilimsahaulisha Adventina kwamba wapo wengine wanaojua kusoma.

“Helena alipofariki, fundi aliniuliza na mimi,” Thadeo alisema. “Nikamwambia, subiri kwanza nife.”

“Wewe ni wewe. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minne, Gloria yuko kidato cha pili, mume yuko shimoni. Nilitaka kujua naishia wapi.”

“Ukajua. Ukakaa kusubiri.”

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kila Krismasi alikuja na ufagio, akafagia upande wa Nicolaus, kisha wa kwake. Mwaka jana daktari alimwambia presha yake inataka dawa kila siku. Alimeza wiki mbili akaacha, tena bila wasiwasi wowote. Mahali si palikuwepo? Watu walimsifu kuwa ni mwanamke jasiri.

“Basi unataka nizikwe wapi?” aliuliza. “Kwako?”

“Na mimi nitakufa siku moja. Nani atalala jirani yangu?”

“Ukishakufa utamjuaje jirani yako?”

Thadeo alivaa helmeti, akasema anakwenda Bunda kwa dada yake, na kwamba akifika atampigia katekista asiyasome yale matangazo. Mlio wa pikipiki ukapungua, ukaisha.

Mama mkwe wake, Bibi Boke, akatokea upande wa jiko na fimbo yake. Ana miaka themanini na kitu, na masikio yake hayajazeeka.

“Amekwenda?”

“Amekwenda, Mama.”

“Kwa ajili ya hilo shimo?”

“Kwa ajili ya hilo shimo.”

Bibi akakaa juu ya zege, upande wa kulia, akanyoosha miguu.

“Nitakuambia kitu, usinikasirikie. Hapa palikuwa pangu. Nicolaus ni kitindamimba wangu, na baba yake amelala kule na mke mkubwa, hakuna nafasi. Siku ile ya fundi nilikuwaga nimekuja kusema hivyo. Nikakuta umeshaandika, na unalia. Nikanyamaza.”

“Mama, miaka minane yote?”

“Umeweka kanga kwenye kiti, hukai, na sisi wenye magoti mabovu tumesimama. Kwenye hii foleni wazee ndio wanatangulia.”

“Sasa mimi nitazikwa wapi?”

“Nitajuaje? Nitakuwa nimekufa.”

Safari hii kicheko kilimshinda Adventina. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda stoo, akapekua karibu saa nzima, akarudi na nyundo na tindo. Aliliweka tindo kwenye herufi ya kwanza, akainua nyundo, akasita. Miaka yote hiyo kifo kilikuwa kinamsubiri hapa Butiama, kwingine kote alipita salama. Sasa kingeweza kumkuta popote, jikoni, sokoni, mgongoni mwa Thadeo kwenye pikipiki. Akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu amzike Nicolaus. Na katika kuogopa akagundua anataka sana miaka mingine ishirini.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Thadeo.

“Nimefika Manyamanyama, Bunda ile pale. Katekista sijampigia. Jina libaki. Nitakuoa hivyo hivyo, na ukitangulia nitakuleta Butiama kwa mkono wangu mwenyewe.”

Aliusoma mara mbili. Akamtazama Nicolaus pale alipolala, akamwambia kimoyomoyo kwamba anamwachia mama yake. Kisha akapiga nyundo.

Ilichukua nusu saa. Alipomaliza, Bibi Boke alikuwa amejilaza chali juu ya zege lenye joto, anajipima.

“Pananitosha,” alisema.

Adventina akafuta vumbi mikononi, akaandika.

“Jina nimeshalitoa, wala si kwa ajili yako. Geuza. Matangazo yasomwe. Pitia mfuko wa sementi, na Jumatatu unipeleke hospitali nikaanze upya dawa.”

Jibu halikukawia. “Sementi ya nini?”

“Ya mama mkwe wetu.”

Jua lilikuwa bado juu Thadeo aliporudi, mfuko umefungwa nyuma ya pikipiki, shati limejaa vumbi jeupe. Alimsalimia Bibi kwa kuinama, akajieleza yeye ni nani na amekuja kuomba nini. Bibi akamwambia ameshasikia yote jikoni, akoroge sementi kwanza. Alikoroga. Walipasawazisha pale lilipokuwa jina, na kabla hapajakauka Adventina akachukua msumari akaandika: BOKE.

“Umeweka kile kistari?” Bibi aliuliza.

“Sijaweka, Mama.”

“Vizuri. Msinihimize.”