Wifi Yangu Aliitikia Jina Langu kwa Daktari wa Macho

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Baleni, hapa Mafia. Haya ananiandikia mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu mimi mwenyewe sioni… Nisomeni, ndugu zangu, kisha mnihukumu.

Mtoto wa jicho alinianza jicho la kulia, akahamia la kushoto, hata nikawa namtambua mtu kwa sauti. Enzi hizo za Mjerumani, daktari wa serikali alikuja Kilindoni kwa meli, akakaa siku chache tu. Watu walijaa uwanjani tangu alfajiri, wenye vidonda, wenye homa, wenye mabusha, na wengi walirudi makwao bila kuonwa. Safari ile akida, aliyetusimamia kwa niaba ya Mjerumani, akapata wazo jema: wagonjwa wa macho watengwe, watoe majina, waitwe mmoja mmoja. Nilifurahi mno!

Lakini kwetu sisi wenye asili ya Kimanga, Waarabu wa Omani, mwanamke haketi uwanjani na wanaume. Mume wangu alikataa katakata. Tukafikia kwa shangazi yake pale Kilindoni, na wifi yangu Mwanaidi, asiye na mume wa kumkataza, akajitolea kunishikia zamu, amejifunika buibui lake.

"Wewe pumzika, wifi yangu," aliniambia. "Wakikaribia jina lako nitakuja kukuchukua."

Nikamwombea dua. Mwanaidi, niliyekula naye sahani moja tangu niolewe!

Nikangoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, Mwanaidi hakuja. Nikamshika shangazi mkono, tukaenda. Askari wa mlangoni kwa daktari akaniuliza jina. Nikamwambia, Binti Seif wa Baleni.

"Binti Seif keshapasuliwa, mama. Yumo ndani, amefungwa kitambaa."

Kumbe naye Mwanaidi macho yake yalikwishaingia ukungu, akatuficha sote. Jina langu lilipoitwa, akaitika yeye. Nani angethubutu kumfunua? Na daktari alitaka macho tu, nasaba ya nini?

Nikapiga kelele. Mume wangu akaja mbio, nami nikadhani anakuja kunitetea… Akanivuta kando.

"Nyamaza, usituaibishe mbele za watu. Dada yangu keshatibiwa, wewe utangoja meli nyingine."

Hilo liliniuma kuliko la Mwanaidi. Meli ikang'oa nanga. Kisha vita vya Mwingereza na Mjerumani vikaingia kisiwani, na daktari yule hakurudi tena.

Sasa Mwanaidi ndiye anayenishika mkono kunipeleka msalani. Analia, anataka radhi. Je, nimemsamehe? Asubuhi nasema ndiyo, ikifika magharibi nimeghairi. Juzi alikuwa akimwogesha binti yangu mdogo, niliyemzaa baada ya vita, akasema mtoto huyu ana macho mazuri. Nikamuuliza, mazuri vipi? Akaendelea kummwagia mtoto maji.

Dada zangu, nawasihi… zamu ya macho yako ikalie mwenyewe, juani, katikati ya wanaume, hata mumeo anune mwezi mzima. Atanuna, kisha atakula chakula chako. Mimi wangu hakununa, na mwanangu sijamwona.