Kopo la Bluu la Séverine

Mapenzi yao yalianza kwa kufokeana. Ilikuwa Jumamosi, soko kuu la Mpanda limefurika, wauza mchele wa kutoka Mamba wanagombania njia na wauza mitumba. Séverine akapenya katikati yao na gauni lake la kitenge cha njano, akafika kwenye kibanda cha fundi simu, akatupa chaja mezani.

"Kaka, umeniuzia bomu! Imetoa moshi mpaka wateja wangu wamekimbia na rola kichwani."

Fundi, kijana mrefu wa Kisukuma aitwaye Nashon, shati limenyooka pasi, aliigeuzageuza. "Dada, hii ya kibanda cha pili. Siyo yangu."

"Nyie wote lenu moja."

Hakubisha. Alichukua koleo, akaukata waya wa chaja ile vipande vitatu, kisha akampa nyingine. "Feki ikifika mkononi mwangu hairudi sokoni. Chukua hii. Utanilipa jina lako."

"Jina langu haliuzwi kwa chaja," Séverine alisema. Lakini alilitaja, na namba ya simu juu yake.

Baada ya hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Fundi, umekula?"

"Nitakulaje na we hujanipigia tangu jua litoke?"

"Muongo! Nakusikia unatafuna."

"Natafuna upweke, mama."

Séverine alikuwa amezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, na alifika mjini akiwa na kitana kimoja tu. Sasa alikuwa na saluni karibu na stendi, katika fremu aliyopanga kwa mzee Telesfori, na alijivunia kitu kimoja: hakumpaka mtu dawa ya nywele ya ovyo. Alitumia ya kopo la bluu tu, halisi, kutoka kwa wakala. Kila kopo alilofungua aliliandika chini kwa wino mzito, herufi S na tarehe, asije akampaka mtu iliyopitwa na muda. Yakiisha, mzee Telesfori aliyanunua kwa bei ya soda, na vifuniko vyake, eti mkewe anahifadhia mbegu. Séverine hakujiuliza ni mbegu gani zinazotaka makopo arobaini. Pesa ndogo haina maswali.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Nashon aliingia saluni bila salamu. Nyuma yake alikuwa mdogo wake wa kike aitwaye Sikujua, aliyetoka kijijini Sibwesa, amejitanda kanga mpaka machoni. Nashon akaifunua. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebabuka, nywele zimeng'oka, ngozi inachuruzika maji.

"Mana yanje, Mungu wangu! Nani kakufanya hivi?"

"Wewe," Nashon alisema, akasimamisha kopo la bluu mbele ya kioo. "Nimelinunua mwenyewe sokoni, nikamtumia zawadi. Nilichagua hili kwa sababu ulisema ndilo halisi. Geuza chini."

Aligeuza. S, na tarehe ya Machi. Mwandiko wake.

"Sijamchanganyia mtu sumu mimi!"

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu, lakini..."

"Unakoroga sumu humu ndani, halafu unaniita mpenzi. Muuaji we!"

Mteja aliyekuwa na dawa kichwani aliruka kitini. "Nioshe! Nioshe haraka!"

Hapo ndipo Séverine alipoelewa. "Niliuza makopo matupu," alisema polepole.

"Kwa nani?"

Akageuka kumwosha mteja. Jina lile lilikuwa la mwenye fremu, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya fremu ile.

"Unamficha," Nashon alisema kwa dharau. "Mimi nakata waya. We kopo lilikushinda hata kutoboa? Usinipigie tena."

Alimpigia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa na Sikujua.

"Kaka hataki kusikia sauti yako."

"Basi nisikie wewe. Kichwa kinaendeleaje?"

"Hospitali wamenipa dawa. Lakini dada, sokoni makopo hayo bado yapo. Nimeyaona kwa macho yangu. Kesho kuna mwenzangu atanunua."

Séverine hakulala. Kulipokucha alikwenda kwa maofisa wa viwango na kopo mkononi, akataja jina la Telesfori, akaeleza na kosa lake mwenyewe bila kupunguza neno. Ghala la mzee lilipofunguliwa, walikuta beseni, mwiko, kostiki ya kutengenezea sabuni, na makopo ya bluu yaliyojazwa, mengi yakiwa na herufi S chini.

Wiki ya pili Telesfori alitoka kwa dhamana. Siku hiyohiyo vitu vya Séverine vilitupwa barabarani, kioo kikapasuka, na majirani wakaja kutazama.

"Mchongezi! Si walikuwa wanakula pamoja, yeye na mzee?"

Séverine alikaa kwenye kiti cha kusukia, kidevu juu, moyo umevunjika. Guta la mizigo likasimama mbele yake. Akashuka Nashon, kisha Sikujua.

"Pakia," Nashon alimwambia mwenye guta. "Nyuma ya kibanda changu kuna nafasi. Na usinitazame hivyo, sijakusamehe."

"Nani kakuomba? Na mimi sijakusamehe. Umeniita muuaji mbele ya wateja wangu."

"Nililinunua kwa mkono wangu, Séverine. Mimi, ninayejifanya najua feki. Nilikuwa natafuta wa kumbebesha kosa langu."

"Ukanipata."

"Nikakupata. Basi tuoane, ugomvi huu tukaumalizie ndani."

"Ndivyo Wasukuma mnavyoposa, barabarani?"

"Ng'ombe watafuata."

Séverine alikuwa hajajibu, Sikujua alipomgusa bega ampishe kiti. Akakaa, akaivua kanga mbele ya stendi nzima, kovu likiwa bado jekundu. Waliokuwa wakizomea wakarudi nyuma.

"Hizi zilizobaki zinyoe," alisema. "Ziote zote pamoja."

Séverine alishika mkasi, machozi yakimtoka waziwazi. "Naogopa nitakuumiza."

"Ulishaniumiza. Nyoa taratibu, wifi. Ukinichubua tena, harusi hakuna."